Mkono bandia wa kazi nzito uchaguliwe kwa kazi yenyewe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Habari za mikono bandia zinapoandikwa magazetini, picha inayoambatana nazo huwa karibu kila mara ya mkono wa umeme wenye vidole vitano, umeshika yai au bilauri ya maji. Ni vyombo vizuri, na wapo wanaonufaika navyo sana. Lakini mtu aliyekatwa mkono na anayeishi kwa jembe, spana, toroli au nyundo akichagua kwa kufuata picha hizo, atatumia fedha nyingi kununua kitu kitakachoishia kabatini. Sisi tunaotengeneza na kukarabati viungo hivi tunataka kueleza namna mkono wa kazi ngumu unavyochaguliwa, kwa sababu makosa mengi hufanyika mapema, kabla fundi hajalowanisha bandeji ya plasta ya kuchukulia umbo la mkono.

Kosa kubwa ni kuanza na kile kinachokaa mwisho wa mkono. Anza na orodha ya kazi. Mtu mwenye mkono mmoja mzima hufanya kazi za ustadi kwa mkono huo. Ule bandia ni msaidizi. Hushikilia ubao usicheze, huvuta kamba, hubeba ndoo, huongoza mpini wa sepetu. Basi andika kila kitu utakachoshika, unene wake, uzito wake, umbali wake kutoka mwilini, na mara ngapi kwa saa utakishika na kukiachia. Andika pia kama pana maji, mafuta, vumbi la saruji, cheche au umeme. Orodha ya namna hiyo, hata ikiwa na mistari kumi tu, humsaidia fundi kuliko mtu kumwambia “nataka mkono imara”.

Baada ya hapo inakuja soketi, yaani lile kombe linalovalishwa kwenye kigutu, sehemu ya mkono iliyobaki baada ya kukatwa. Hapa ndipo mkono wa kazi unapofanikiwa au kushindwa, na hapa ndipo wanunuzi wasipouliza maswali. Chukua mzigo wa kilo 10 ulioshikwa sentimita 30 kutoka kwenye kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa na kulala usawa. Kama kigutu kina sentimita 12 tu kuanzia kwenye kiwiko, ncha yake inabeba 10 mara 30 gawanya kwa 12, yaani mkandamizo wa kilo 25 juu ya ngozi ya ncha. Wakati huohuo ukingo wa nyuma wa soketi unasukuma mfupa wa kiwiko kwa kilo 15 nyingine. Mwenye kigutu cha sentimita 20, kwa mzigo uleule, anapata kilo 15 kwenye ncha na 5 kwenye kiwiko. Ndiyo maana watu wawili wenye kulabu (kifaa cha kushikia kinachokaa mwisho wa mkono) ya aina moja, mmoja hufanya kazi kutwa na mwingine huvua mkono saa nne asubuhi akiwa na malengelenge. Kulabu haina kosa lolote hapo.

Mwenye kigutu kifupi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuufupisha mkono bandia wenyewe. Haulazimiki kulingana na mkono mzima, na kila sentimita inayopunguzwa mbele inapunguza mkandamizo nyuma. Ya pili ni kuufunga kwenye ukanda mpana wa ngozi unaozunguka mkono wa juu, ukiunganishwa na soketi kwa bawaba za chuma pande mbili za kiwiko. Bawaba ngumu hutawanya mzigo hadi mkono wa juu, ila huzuia kigutu kuzungusha mkono ndani na nje. Mwenye kigutu kirefu anayeweza kuzungusha bado apewe bawaba laini za ngozi au kebo nene, asinyang’anywe mzunguko huo. Ukubwa wa mzunguko ni hazina kwa mtu anayefunga skrubu au kumimina.

Soketi zile zinazojishikiza zenyewe kwa kubana mifupa ya kiwiko, bila mkanda wa juu, zinafaa kazi nyepesi. Kwenye kubeba na kuvuta huteleza, na zikibanwa zaidi ili zisiteleze huumiza. Soksi ya silikoni yenye pini ya kufungia inashika vizuri, lakini uzito unaoning’inia unavuta ngozi ya ncha kila hatua, na jasho likijaa ndani inaanza kuzunguka. Ikitumika, ioshwe kila jioni kwa maji na sabuni isiyo kali, isuuzwe hadi utelezi uishe, ikaushwe kivulini.

Kuhusu malighafi: rezini iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni au za kioo ni ngumu na nyepesi, lakini ikipasuka inabidi kutengeneza upya au kuipaka tabaka jipya. Polipropilini, ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeitumia kwa miaka mingi katika viungo inavyotengeneza, ina uzito kidogo zaidi ikiwa nene vya kutosha, ila huvumilia pigo bila kupasuka na fundi anaweza kuipasha moto akaifungua pale inapobana. Kwa mtu anayeishi mbali na karakana, faida hiyo ya mwisho inashinda gramu chache. Kwa vyovyote vile, mwombe fundi aongeze tabaka mahali kifundo, yaani kiungo kinachoshika kifaa cha mwisho, kinapoingia kwenye soketi. Nyufa karibu zote huanzia hapo, kwa kuwa plastiki laini hukutana na pete ngumu ya chuma na kila nyundo inapogonga mtikisiko wote unaishia kwenye mstari huo mmoja.

Sasa mikanda. Mkono unaoendeshwa kwa mwili hufanya kazi kama breki ya baiskeli: waya wa chuma (kebo) unapita ndani ya ala, ncha moja iko kwenye kulabu na nyingine kwenye mkanda wa mabega. Ukisukuma bega mbele au ukinyoosha mkono, waya unavutika. Mkanda wa kawaida una umbo la nane, ukipita kwenye kwapa la upande mzima, na pete ya kuunganishia hukaa katikati ya mgongo, chini ya shingo, ikiegemea kidogo upande mzima. Mkanda huo unatosha kazi za wastani. Ukibeba mizigo mizito kila siku, uzito wote unaishia kwenye kwapa la mkono pekee ulio mzima, na mishipa ya fahamu inayopita hapo hukandamizwa hadi vidole vikafa ganzi. Mtu wa namna hiyo apewe pedi pana ya begani upande uliokatwa, ikishikiliwa na mkanda wa kifua. Bega ndilo libebe, kwapa lipumue. Inachukua dakika nyingi zaidi kuivaa, na hakuna anayeipenda wiki ya kwanza.

Tukija kwenye kifaa cha mwisho, kulabu yenye vidole viwili bado haijapata mpinzani kwa kazi ngumu. Aliyeisajili, D. W. Dorrance, ilikuwa mwaka 1912 huko Marekani, naye alikuwa amepoteza mkono wake katika kiwanda cha mbao. Umbo lake la msingi halijabadilika sana tangu wakati huo. Vidole vyake ni vyembamba, unaona unachoshika, havina chemba za kuingiza tope, na sehemu zinazosogea ni chache.

Ziko namna mbili. Ya kwanza hukaa imefumba, nawe unavuta kebo ili kuifungua. Kinachobana ni mipira ya umbo la pete inayovishwa chini ya vidole, na kila mpira huongeza kama nusu kilo ya nguvu ya kubana. Faida yake ni kwamba ukishashika, unapumzisha bega; kitu kinabaki kimeshikwa hata ukigeuka, ukiinama au ukipanda ngazi. Hasara ni kwamba nguvu ina kikomo, na kila mpira unaoongeza unaulipia kwa bega lako kila unapofungua. Mtu mwenye mipira mitano anabana kwa takribani kilo mbili na nusu, wakati ncha za vidole vya mwanamume mzima hubana kwa karibu kilo 10. Kwa hiyo anayefikiri ataongeza mipira hadi afikie mkono wa kawaida atachoka kabla ya kufika nusu ya njia. Tumia umbo la kulabu badala ya nguvu: mpini ukae kwenye pindo la ndani, ndoo ining’inie kwenye mzingo wa kulabu, si kwenye ncha.

Namna ya pili hukaa wazi na hufumba unapovuta kebo. Unavyovuta zaidi ndivyo inavyobana zaidi, na mwenye mabega imara hupata nguvu mara kadhaa ya ile ya mipira. Pia unahisi kupitia mkanda umebana kiasi gani, jambo ambalo kulabu ya mipira haikupi. Kwa kuvuta kamba, kushika mpini wa sululu, kuendesha pikipiki, hii ndiyo tunayoipendelea, kwa sababu ukilegeza bega inaachia papo hapo. Ubaya wake ni kwamba lazima uendelee kuvuta muda wote unaposhika, isipokuwa iwe na kufuli, na waya wake unachoka haraka kwa kuwa unabeba mzigo mkubwa zaidi. Anayeshika kitu kimoja kwa muda mrefu, kwa mfano ubao unaopigwa randa, atafurahia zaidi ile ya mipira au bano la kawaida la fundi seremala mezani.

Alumini au chuma? Kulabu ya chuma kisichoshika kutu ina uzito unaokaribia mara mbili ya ile ya alumini ya umbo lilelile. Uzito ulio mwisho wa mkono ndio unaochosha, kwa hiyo mtu wa ofisini au wa jikoni achukue alumini. Lakini alumini hupinda ukiitumia kama mtaimbo, na watu wote wa kazi nzito huitumia kama mtaimbo hata wakiapa hawatafanya hivyo. Wachukue chuma. Ipo kulabu ya kazi yenye nafasi maalumu kati ya vidole za kushikia msumari, patasi, kisu na mpini wa sepetu. Kwa mkulima au seremala hiyo inazidi kulabu nzuri ya umbo la kawaida. Bitana ya mpira ndani ya vidole huzuia kuteleza kwenye vyuma laini, ila mafuta na joto huibandua, na mafundi wengi wa magari huishia kuchagua vidole vyenye meno ya chuma tupu.

Mikono yenye umbo la mkono wa mtu, inayoendeshwa kwa kebo, hatuishauri kwa kazi ngumu. Glavu inayoifunika hukinza vidole, hivyo sehemu kubwa ya nguvu ya bega hupotelea humo. Vipimo vya maabara vilivyofanyika Delft, Uholanzi, na kutolewa mwaka 2010 vilionyesha wazi kwamba mikono hiyo hudai nguvu nyingi kuliko kulabu kwa bano lilelile. Glavu nayo huchanika na kuingia rangi ya grisi isiyotoka. Atakayetaka sura ya mkono kwa ajili ya sherehe na awe nao, kama kifaa cha kubadilisha.

Kubadilisha kunatuleta kwenye kifundo. Kifundo cha msuguano huzunguka kwa kubana pete ya mpira, na ni rahisi kutunza, lakini ukibeba mzigo wa upande mmoja kinajizungusha chenyewe. Kwa kugonga, kuchimba na kusukuma toroli, chagua kifundo kinachojifunga katika pembe maalumu na kinachoachia kifaa kwa kubonyeza. Halafu angalia hesi, yaani mizingo ya skrubu! Vifaa vya Marekani vina mhimili wa nusu inchi wenye mizingo 20 kwa inchi. Vya Ulaya ni milimita 12 wenye hatua ya milimita 1.5. Tofauti ni chini ya milimita moja, kiasi kwamba mhimili mwembamba huingia kwenye tundu pana, ukaonekana umeshika, kisha ukachomoka na mzigo. Mnene nao ukilazimishwa kwenye tundu jembamba unakula hesi ya kifundo, na kifundo kimegandishwa ndani ya soketi. Vifaa vya msaada vilivyotoka sehemu tofauti vipimwe kwa kalipa kabla ya kufungwa.

Mkono wa umeme tusiuhukumu kwa upofu. Upo mshiko wa umeme wenye taya mbili, usio na umbo la mkono, unaobana hadi nyutoni 160, yaani zaidi ya kilo 16, bila bega kuchoka. Kwenye karakana kavu na safi, kwa mtu mwenye chaji ya uhakika na fundi wa karibu, ni chombo cha kazi kweli. Matatizo yako kwingine. Vihisi vinasoma msuli kupitia ngozi, na unapoinua kitu kizito misuli yote ya kigutu hukaza; mkono unaweza kufunguka bila kuamriwa. Jasho hubadilisha usomaji, na soketi ikisogea kidogo kihisi huacha ngozi. Meno ya giaboksi ni madogo, nayo hupokea kila pigo la nyundo. Alama ya IP67 ina maana kifaa hakiingizi vumbi na kimevumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kipimo hicho ni cha maji safi, na hakisemi lolote kuhusu tope, sabuni au maji ya chumvi. Wala si lazima kihusu betri na vihisi vilivyo ndani ya soketi. Muuzaji aulizwe kipande kwa kipande.

Mikono inayochapwa kwa mashine za tatu-dii inagawiwa sana siku hizi. Ile ya plastiki ya PLA huanza kulainika ikifikia nyuzi joto 60 hivi, kiwango ambacho gari lililofungwa juani hukikaribia, na hupasuka kwenye mistari ya tabaka zake. Kwa mtoto anayejifunza kushika mpira, vyema. Kwa kubeba tofali, hapana.

Aliyekatwa juu ya kiwiko ana kazi ngumu zaidi. Kebo moja hukunja kiwiko na kufungua kulabu, nayo inahitaji mvuto wa jumla ya sentimita 11 hivi, ambao si kila bega linao. Kufuli la kiwiko ndicho kipande kinachovunjika kwanza, hasa mtu anapogonga au kusukuma akiwa amelifunga. Kwake, kwa kazi kama kulima, mkono mfupi wa moja kwa moja usio na kiwiko, wenye pete ya kupitishia mpini, mara nyingi unafanya kazi kuliko mkono kamili. Na aliyebakiwa na kiganja bila vidole hahitaji vitu hivi vyote: bamba la chuma lililofunikwa mpira, likielekeana na sehemu iliyobaki, hutosha kubania.

Usalama una mambo yake. Kulabu na kebo ni vyuma, vinapitisha umeme hadi mgongoni. Mipira huungua kwa cheche za kuchomelea. Karibu na mhimili unaozunguka au mkanda wa mashine, kulabu ikinaswa haikupi maumivu ya kukuonya, kwa hiyo mikanda yote iwe chini ya nguo iliyobana na kifundo kiwe cha kuachia haraka. Kwenye usukani na mpini wa pikipiki, kifaa lazima kiweze kuchomoka chenyewe.

Kabla ya kuondoka karakana, dai vipimo. Kata kipande cha mbao cha unene wa milimita 13, kibane kwenye kulabu, vuta kulabu moja kwa moja kwa mizani ya springi hadi kipande kilegee, andika namba. Rudia ukivuta kutoka upande wa mkanda. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili: kwa aliyekatwa chini ya kiwiko isipungue asilimia 80, juu ya kiwiko 70. Ikipungua, ala ya kebo imepinda mno, au ni ndefu kupita kiasi, au waya unasugua mahali. Kisha mkono ukiwa umening’inia, vuta chini kwa kilo 23. Soketi isishuke zaidi ya sentimita 2.5 na mshono wowote usiachie. Fungua kulabu ukiwa umekunja kiwiko nusu, ukiwa umeinama hadi chini, na mkono ukiwa juu ya kichwa. Mwisho fanya kazi ya kweli kwa nusu saa, vua, tazama ngozi. Wekundu unaoisha ndani ya dakika 20 ni wa kawaida. Unaobaki, hasa juu ya mfupa, unamaanisha soketi irekebishwe siku hiyohiyo.

Na usiondoke bila vipuri. Waya hukatika pale unapoingia kwenye kichwa chake cha mpira wa chuma, au pale unapopinda kwenye kishikizo cha ala. Uzi mmoja ukianza kuchomoza, badilisha wote, usingoje. Mipira ibadilishwe ikionyesha nyufa, na kwa mtu wa mafuta ni mapema zaidi. Tone la mafuta liwekwe kwenye ekseli ya kulabu, kamwe si ndani ya ala yenye bitana ya tefloni, maana huko hukusanya mchanga na kugeuka msasa. Skrubu za kifundo zipakwe gundi ya kufungia hesi. Kebo mbili zilizokwisha kukatwa kwa urefu wako, kipande cha ala, mipira kumi na mkanda mmoja wa kubadilisha wakati mwingine ukifuliwa: hivyo viandikwe kwenye hati ya mauzo pamoja na mkono wenyewe, na fundi akuonyeshe kufunga kebo mpya hadi uifunge mwenyewe mbele yake.

Ni sisi wasomaji wenu,
Mafundi wa viungo bandia